Printa Inatoa Kurasa Zimelala? Tafuta Kwanza Aliyezigeuza

Umeprinti barua, imetoka imelala. Umeprinti jedwali la kolamu kumi na tano, limetoka wima na nusu yake haipo. Kabla hujabonyeza chochote, iache karatasi kwenye trei kama ilivyo. Hapa ndipo karatasi nyingi huharibika bure: mtu anataka ukurasa wa mlalo, anachomoa karatasi na kuirudisha kwa ubavu. Printa nyingi ndogo za nyumbani na ofisini huvuta A4 kwa upande mfupi, ule wa milimita 210. Upande wa milimita 297 hauingii, njia ya karatasi si pana kiasi hicho. Ukichagua Landscape, yaani mlalo, kompyuta ndiyo inayozungusha maandishi nyuzi 90. Karatasi inapita vilevile. Ni mashine kubwa za fotokopi, zile zinazobeba A3 (karatasi kubwa mara mbili ya A4), zinazoweza kupokea A4 kwa upande wowote.

Mwelekeo wa ukurasa hupangwa mahali patatu: ndani ya waraka wenyewe, kwenye dirisha la kuprinti la programu, na kwenye draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Hata mahali pamoja tu pakitofautiana na pengine, karatasi inatoka visivyo. Kwa hiyo bonyeza Ctrl+P uangalie priviu, yaani picha ya ukurasa kabla haujaprintiwa. Ikiwa hata kwenye priviu ukurasa umegeuka, tatizo liko kwenye waraka au programu. Ikiwa priviu iko sawa ila karatasi inatoka vingine, nenda kwenye draiva. Ukibaki na shaka, kwenye orodha ya printa chagua Microsoft Print to PDF, hifadhi faili, kisha lifungue. Likiwa sawa, waraka hauna kosa, usiuguse. Jaribio hili halili wino wala karatasi.

Kwenye Word, wengi wanajua Layout, kisha Orientation. Kinachowasumbua ni waraka wenye ukurasa mmoja wa mlalo katikati ya kurasa za wima, mfano ripoti yenye jedwali pana. Ukibadilisha Orientation hivihivi, waraka wote unalala, kwa sababu Word hupanga mwelekeo kwa sehemu, si kwa ukurasa mmoja mmoja. Chagua jedwali pamoja na kichwa chake, fungua Layout, Margins, Custom Margins, bofya Landscape, na pale chini kwenye Apply to weka Selected text. Word itaweka yenyewe mkato wa sehemu kabla na baada ya jedwali. Kuiona mikato hiyo, bonyeza Ctrl+Shift+8. Utaona mstari wenye maneno Section Break. Na hapa uwe mwangalifu: mpangilio wa sehemu umefungwa kwenye mkato unaoifuata. Ukiufuta mkato huo, sehemu ya juu inachukua mwelekeo wa sehemu ya chini, na kurasa zilizokuwa wima zinalala zote mara moja. Likikutokea, bonyeza Ctrl+Z papo hapo.

Excel ina tabia yake: kila shiti ina mwelekeo wake. Umegeuza ya Januari, ya Februari bado iko wima. Bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye jina la shiti pale chini, chagua Select All Sheets, kisha Page Layout, Orientation, Landscape. Ukimaliza, rudi palepale uchague Ungroup Sheets. Usiruke hatua hii hata kidogo: shiti zikiwa bado zimeunganishwa, namba utakayoandika kwenye seli moja itaandikwa kwenye seli hiyo hiyo ya kila shiti, na itafuta iliyokuwepo. Mtu anaweza kuharibu hesabu za mwaka mzima bila kujua.

Kama kolamu bado zinakatwa hata baada ya kulaza ukurasa, tatizo si mwelekeo tena bali upana. Kwenye dirisha la kuprinti, palipoandikwa No Scaling weka Fit All Columns on One Page. Maandishi yakiwa madogo mno, ficha kolamu ambazo msomaji hazihitaji, au tumia A3 kama mashine inaibeba.

Kwa PDF, chaguo la kuzungusha la Acrobat Reader, yaani Rotate View, hugeuza unachokiona kwenye skrini tu. Haliandikwi ndani ya faili. Fungua dirisha la kuprinti na kwenye Orientation uchague Auto, ili kila ukurasa ufuate umbo lake. Inasaidia sana kwa faili zilizopigwa skani kwa simu, ambazo mara nyingi huchanganya kurasa za wima na za mlalo. Kama unaprinti PDF kutoka Chrome, usihangaike kutafuta chaguo la Layout: kwa PDF huwa halionekani. Fungua faili kwa Reader.

Sasa draiva. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, bofya jina la printa, kisha Printing preferences. Rudisha Portrait, yaani wima, na hapohapo hakikisha ukubwa wa karatasi ni A4, si Letter. Letter ni ya Marekani, milimita 216 kwa 279, fupi na pana kidogo kuliko A4. Funga Word au Excel na uifungue upya, maana programu iliyokuwa wazi inaweza kuendelea kutumia mpangilio wa zamani. Futa pia kazi zilizosubiri kwenye foleni. Kila moja imebeba mpangilio wa wakati ulipoituma, na itatoka imelala hata kama umesharekebisha.

Kwenye ukurasa huohuo wa Printers & scanners, zima Let Windows manage my default printer ikiwa una printa zaidi ya moja. Ikiwa imewashwa, Windows hufanya printa uliyotumia mwisho kuwa ya kawaida, yaani inayochaguliwa yenyewe, nawe unaweza kuwa unarekebisha moja huku kazi zikienda kwa nyingine. Mpangilio ukikataa kabisa kushika, ondoa printa na usakinishe draiva ya modeli hiyo hasa kutoka tovuti ya mtengenezaji.

Ukurasa wa pili ukitoka kichwa chini wakati wa kuprinti pande mbili, usiguse Orientation. Kurasa za wima zinazofunguliwa kama kitabu zinataka Flip on long edge (geuza kwa upande mrefu). Za mlalo zinazofunguliwa vivyo hivyo zinataka Flip on short edge (geuza kwa upande mfupi). Printi kurasa mbili za kwanza, geuza karatasi mkononi kama unavyofungua kitabu, na ukiona zinasomeka ndipo utume zilizobaki.