Kusafisha matangi ya shule kabla ya masika: kazi ya pamoja ya tawi la wafanyakazi na asasi ya mtaani

Masika Dar es Salaam huanza Machi, kwa hiyo anzeni vikao Januari. Tawi la chama cha wafanyakazi lilete mafundi na michango. Asasi ilete orodha ya shule zenye shida na mtu wa kufuatilia kazi ikiisha. Mkikutana kununua tangi jipya na fulana za kupigia picha, basi hamkuhitajiana.

Hatua ya 1: Ruhusa. Anzeni ofisi ya Serikali ya Mtaa, kisha mwalimu mkuu na afisa afya wa kata. Mkimruka mtendaji wa mtaa, mtasimamishwa getini vifaa vikiwa mkononi.

Hatua ya 2: Pesa. Ada ya chama msiiguse. Fungueni mchango wa pembeni, wa hiari. Ukikatwa kwenye mshahara, kila mwanachama asaini fomu yake yenye kiasi na mwezi wa mwisho wa kukatwa. Mwezi wa mwisho ukikosekana, watu husaini shingo upande au hawasaini kabisa, maana hawajui watakatwa hadi lini. Pesa ziingie akaunti moja yenye watia saini wa pande zote mbili, na risiti zibandikwe ubao wa matangazo wa tawi na wa shule.

Hatua ya 3: Jumamosi asubuhi. Tuchukue mfano wa tangi la lita 5,000. Litoeni maji yote, sugueni kuta na sakafu kwa brashi ngumu, suuzeni, toeni tope. Anayeingia ndani asiwe peke yake: mwingine akae mdomoni mwa tangi muda wote. Klorini isitiwe kabla hajatoka.

Jazeni maji robo ya tangi. Nyunyizeni klorini ya unga (nguvu ya asilimia 65 hadi 70), gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wote, yaani gramu 400. Pimeni kwa mizani. Kijiko cha kukadiria kinadanganya. Vaeni glavu na miwani, na msichanganye na sabuni wala dawa ya choo, kwani hutoa gesi ya sumu. Koroga, jazeni hadi juu. Kisha fungueni bomba moja moja mpaka linuke klorini, mfunge. Wengi huliruka hili, na uchafu wa mabombani unabaki palepale.

Acheni saa 24. Bandikeni tangazo la kutokunywa kwenye kila bomba.

Hatua ya 4: Jumapili. Mwageni maji yote, mbali na bustani ya mchicha na mtaro unaoelekea mtoni. Jazeni upya. Hapa ndipo kazi hukwama: tangi linahitaji lita 5,000 mara mbili, ukiacha za kusuuzia, na hakuna aliyepanga bili wala boza. Andikeni kwenye makubaliano nani analipia maji hayo, kabla ya kununua brashi. Watoto wasinywe mpaka kipimo kionyeshe klorini iliyobaki haizidi miligramu 0.5 kwa lita.

Hatua ya 5: Ufuatiliaji. Asasi ipite kila mwezi kuangalia kifuniko, nyufa na tope. Ufunguo wa kifuniko akae nao mwalimu wa afya, si mlinzi wa zamu.