Moli kwa mtoto wa mwaloni

Mama yangu aliuza dagaa kwenye mwalo wa Igombe, ufukwe wa kushushia samaki hapa Mwanza, tangu sijazaliwa mpaka nilipomaliza chuo, na sikuwahi kumwona akiwahesabu. Mteja wa mboga ya siku moja alipimiwa kwa kopo, anayetaka zaidi kwa sado, na wachuuzi waliotoka mbali waliondoka na magunia. Ungemuuliza sado moja ina dagaa wangapi, angekushangaa. Ila alijua jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hulipata kwa shida: vitu vikiwa vidogo na vingi kupita kiasi, watu huacha kuhesabu kimoja kimoja, wakapima.

Nafundisha kemia hapa Mwanza, na jioni nina kikundi cha twisheni Nyamanoro. Katika mada zote za mwanzo, moli ndiyo inayoniletea watoto waliokata tamaa. Wamekariri namba ndefu, wamekariri pembetatu ya kanuni (mchoro wa kukumbukia nini kigawanywe kwa nini), lakini ukiwauliza moli ni nini hasa, kimya. Nimeiandika hapa njia ninayoitumia, kwa mpangilio uleule wa darasani. Uwe na daftari na kikokotoo, na ukiweza, nusu kilo ya mahindi na nusu kilo ya maharage.

Anza na maneno ya kuhesabia

Andika kwenye daftari: doti ya khanga, 2. Dazeni, 12. Korija, 20. Trei la mayai, 30. Rimu ya karatasi, 500. Yote ni majina ya idadi. Ukisema trei hujasema lolote kuhusu ukubwa wa yai. Trei la mayai ya kienyeji na trei la mayai ya kisasa yote yana 30, ingawa moja litakuchosha mkono zaidi.

Sasa ongeza mstari wa mwisho: moli, 602,000,000,000,000,000,000,000. Kwa kifupi tunaandika 6.02 × 10²³. Moli ni neno la kuhesabia kama trei, ila lenyewe linahesabu atomi, molekuli na chembe nyingine za udogo huo. Kwa leo usilipe maana nyingine yoyote.

Namba hiyo imepewa jina la Amedeo Avogadro, Mwitalia aliyesema mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Yeye mwenyewe hakuwahi kuijua namba. Jina lilipendekezwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909, na tangu Mei 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Mtihanini 6.02 inatosha.

Pima nafaka

Hatua hii usiiruke hata kama unaiona ya watoto wa shule ya msingi. Hesabu punje 200 za mahindi na punje 200 za maharage, zote kavu, kila fungu kwenye mfuko wake. Nenda kwa muuza duka mwenye mzani wa kidijitali, mwombe akupimie. Mara ya mwisho nilipofanya na kikundi changu, mahindi yalitoa gramu 60 na maharage gramu 90. Zako zitatofautiana kidogo kulingana na mbegu, basi tumia zako.

Idadi ni ileile, uzito si uleule, kwa sababu punje ya maharage ni nzito mara moja na nusu kuliko punje ya mahindi. Sasa mwambie akupimie gramu 300 za mahindi na gramu 450 za maharage. Hujahesabu hata punje moja, lakini unajua kila fungu lina punje zinazokaribia 1,000. Kuna binti alikataa kuniamini. Alikaa sakafuni akayahesabu mahindi yote, akapata 988. Akainua uso: "Madam, kumbe ndiyo maana dagaa hawahesabiwi!" Tangu siku hiyo sikumfundisha moli tena. Alikuwa ameshaishika.

Atomi moja huwezi kuiweka kwenye mzani wa duka, lakini ulinganisho wa namna hiyohiyo umeshafanywa, na matokeo yake yamo kwenye jedwali la elementi. Haidrojeni 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, sodiamu 23, klorini 35.5. Namba hizi zinakwambia kwamba atomi ya kaboni ni nzito mara 12 kuliko ya haidrojeni, kama tulivyosema maharage ni mara moja na nusu ya mahindi. Sasa pima kila elementi kwa gramu zinazolingana na namba yake: gramu 1 ya haidrojeni, gramu 12 za kaboni, gramu 16 za oksijeni. Mafungu haya yana uzito tofauti lakini idadi ya atomi ni moja, na idadi hiyo ndiyo moli.

Vitu vilivyoungana, jumlisha. Maji, H₂O, ni 1 + 1 + 16, yaani gramu 18 kwa moli. Chumvi, NaCl, ni 23 + 35.5, yaani 58.5. Sukari, C₁₂H₂₂O₁₁, ni 144 + 22 + 176, yaani 342. Sokoni tunasema uzito. Darasani sema tungamo, maana uzito kwa mwanafizikia ni nguvu ya dunia inayokivuta kitu. Na najua mtihani wenyewe utakuja kwa Kiingereza. Elewa kwanza kwa lugha unayoiwazia, maneno ya mtihani utayazoea baadaye.

Kijiko kimoja na Ziwa zima

Hapa huwa nawapeleka watoto mahali wanapoweza kuliona Ziwa, kwa sababu 10²³ kwenye karatasi ni michoro tu. Simama Kirumba, tazama maji mpaka yanapokutana na mbingu, ukumbuke kwamba unaona kipande kidogo tu. Ziwa Victoria lina maji yapatayo kilomita za ujazo 2,750. Kilomita moja ya ujazo ni mililita 10¹⁵, kwa hiyo Ziwa lina mililita 2.75 × 10¹⁸. Tone la maji ni kama sehemu ya 20 ya mililita. Zidisha kwa 20: matone 5.5 × 10¹⁹ katika Ziwa lote, kuanzia kwetu mpaka Kisumu na Entebbe.

Sasa chota gramu 18 za maji, kijiko cha chakula kilichojaa na karibu matone 60 juu yake. Hiyo ni moli moja. Gawanya 6.02 × 10²³ kwa 5.5 × 10¹⁹ upate karibu 10,900. Molekuli za maji ya kijiko hicho ni nyingi kuliko matone yote ya Ziwa Victoria, tena zaidi ya mara elfu kumi. Fanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, usinikopi. Ukishaifanya kwa mkono wako hutaogopa tena vipeo.

Kubadilisha gramu kuwa moli

Ukiwa na mayai 90, una trei ngapi? Umegawanya kwa 30. Ukiwa na gramu 90 za maji, una moli ngapi? Gawanya kwa 18, upate 5. Ukitaka idadi ya molekuli, zidisha moli kwa 6.02 × 10²³. Hakuna zaidi ya hapo, na ndiyo maana siipendi ile pembetatu ya kanuni. Mtoto anaifunika kwa kidole, anapata jibu, wala hajui amehesabu nini.

Kosa ninalolisahihisha kila wiki ni la oksijeni. Atomi yake ni 16, lakini hewani oksijeni hutembea mbili mbili, O₂, na moli ya O₂ ni gramu 32. Vivyo hivyo naitrojeni, N₂, ni 28. Soma swali linazungumzia atomi au molekuli kabla hujagusa kikokotoo.

Kuhusu gesi, vitabu vinasema moli moja huchukua lita 22.4. Hiyo ni kwenye nyuzi joto 0 na mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Sisi uso wa Ziwa letu uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwenye nyuzi 27, hapa Mwanza moli moja ya gesi inajaza kama lita 28: dumu la lita 20 na karibu nusu ya dumu la pili. Mtihanini tumia namba uliyopewa, ila ujue ilikotoka.

Mkaa wa jikoni

Sasa tumia moli kwa kazi yake hasa, kukadiria mmenyuko, yaani vitu vinapoungana au kuachana kuwa vitu vipya. Mkaa ukiungua vizuri, kaboni hukutana na oksijeni: C + O₂ → CO₂. Isome kwa moli: moli moja ya kaboni inataka moli moja ya oksijeni. Kwa gramu, 12 na 32 zinatoa 44. Tuseme umechoma gramu 120 za kaboni (mkaa halisi una majivu, tuyaache). Hizo ni moli 10. Zitavuta gramu 320 za oksijeni na kutoa gramu 440 za kaboni dayoksaidi. Watoto hushtuka kuona hewa iliyotoka ni nzito kuliko mkaa ulioingia. Tofauti hiyo imetoka hewani.

Sasa funga mlango na madirisha. Oksijeni inapungua, na mmenyuko mwingine unashika kasi: 2C + O₂ → 2CO. Angalia uwiano umebadilika. Gramu zilezile 32 za oksijeni sasa zinashikana na gramu 24 za kaboni badala ya 12, na kinachotoka ni gramu 56 za kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inanata kwenye hemoglobini ya damu, mahali palipotengwa kwa oksijeni, na mtu aliyelala haamki. Msimu wa mvua, mama alipomaliza kupika alilibeba jiko lenye makaa akaliweka chini ya upenu, hata tukilia baridi. Nilikuja kuielewa sababu yake nilipokuwa nasawazisha mlinganyo huo, mwaka wa kwanza wa chuo.

Fanya haya matatu kabla hujalala. Pakiti ya chumvi ya gramu 500 ina moli ngapi? Kijiko cha chai chenye gramu 4 za sukari kina molekuli ngapi? Gramu 60 za kaboni zikiungua vizuri zinataka gramu ngapi za oksijeni, na zinatoa gramu ngapi za kaboni dayoksaidi?

Majibu: la kwanza ni moli 8.5 hivi, la pili, karibu 7 × 10²¹, la tatu, gramu 160 na gramu 220. Ukikosa la tatu, angalia kama uliandika 16 mahali pa 32.