Mume na mke mnataka kwenda misheni ya watoto nje ya nchi? Anzieni hapa

Bwana asifiwe wapendwa. Kila tukimaliza kueleza kanisani habari za huduma yetu ya watoto kule Msumbiji lazima wanandoa wawili watatu watufate nje, wanauliza, nasi tuna huo wito, tunaanzaje? Pale mlangoni muda hautoshi, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote hapa, na mengi ya haya sisi tuliyajua tukiwa tumeshafika Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kumechelewa.

Kwanza kabisa huo wito ni wa nani? Mara nyingi mmoja ndo anasikia wa kwanza halafu mwenzie anafata. Kwetu alisikia mume wangu, mimi nikawa naitikia amina huku moyoni nimejaa hofu, na hiyo hali ilienda miezi nane. Kilichotusaidia ni mchungaji wetu, alitupa kila mtu daftari lake akasema mwezi mzima msionyeshane, andikeni Mungu anakuambia nini na kitu gani kinakutisha. Mwezi ulipoisha tukabadilishana. Mimi nilikuwa nimeandika mama yangu ana presha, nikiondoka nani atampeleka kliniki, na mume wangu alikuwa hajui kabisa kwamba hicho ndo kilikuwa kinaninyima usingizi. Tulisubiri mwaka mzima mpaka mdogo wangu akahamia kwa mama. Huo mwaka haukupotea hata siku moja. Nawaomba sana akina baba, usimburute mkeo kwa mstari wa kutii, mtafika huko mkiwa wawili halafu kila mtu yuko peke yake.

Pili, pimeni wito nyumbani. Kama humpendi mtoto wa sande skuli ya mtaani kwako, yule mwenye kamasi anayekukatiza kila dakika, huko ng'ambo hautampenda ghafla. Chukueni darasa la watoto mwaka mmoja, kila Jumapili bila kukosa, nyie wawili pamoja, mfagie wenyewe, mpeleke watoto chooni, mtembelee na majumbani kwao. Na mkubali kanisa liwaangalie. Matendo 13 Barnaba na Sauli hawakujituma, kanisa la Antiokia lilifunga likaomba likawawekea mikono ndo wakaenda. Anayejituma mwenyewe akiumwa huko hana wa kumpigia simu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri manake ndo penye makosa mengi. Wengi mkiwaza misheni ya watoto mnawaza kufungua kituo cha yatima. Msianze na hilo. Watoto wengi wanaoishi vituoni wana mzazi hai au bibi au shangazi, kilichowafikisha pale ni umaskini, na ukijenga jengo zuri lenye uji na vitanda kwenye kijiji chenye njaa basi mama atamleta mwanae si kwa sababu hamtaki, ni kwa sababu anataka ale. Rwanda waliliona hili, mwaka 2012 serikali ikapitisha mpango wa kuwatoa watoto vituoni kuwarudisha kwenye familia. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 nayo inasema familia kwanza. Kwa hiyo ombeni Mungu awape huduma inayomkuta mtoto akiwa kwao, darasa la Jumamosi, kumsaidia bibi ada na daftari, kufatilia cheti cha kuzaliwa. Haipendezi sana kwenye picha lakini mtoto analala kwao.

Mahali pa kwenda, angalieni Mungu ameshawapa nini tayari. Sisi Kiswahili ndo kilitufungulia mlango. Karibu na mji wa Nampula kuna kambi ya wakimbizi ya Maratane, Wakongo na Warundi wako wengi, watoto wanaelewa Kiswahili. Ila kambini huingii tu na gitaa lako, kuna kibali cha serikali, mnapitia kanisa la pale lililosajiliwa. Nje ya kambi ni Kimakua na Kireno. Jifunzeni Kireno hata miezi sita kabla, kile cha sokoni na cha ofisini, halafu Kimakua mtakifundishwa na watoto wenyewe. Siku niliyosikia mtoto anasema koxukuru (hiyo x wanaitamka sh), yaani ahsante, nilijihisi niko Tanga.

Makaratasi msiyadharau. Paspoti za familia nzima, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya tabia njema ya polisi (chukueni wote wawili), na vyote vitafsiriwe Kireno na mtafsiri anayetambulika. Mkikaa muda mrefu mtahitaji kitambulisho cha mgeni mkaazi, wenyewe wanakiita DIRE, na kanisa mwenyeji ndo linawaandikia barua. Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla ya safari, kadi yake tangu 2016 haiishi muda. Neti za mbu beba. Njia ya kupitia Mtwara kushuka mkoa wa Cabo Delgado sisi hatukuitumia, kule kuna mapigano tangu Oktoba 2017, tulizunguka mpaka wa Kasumulu, tukapita Malawi, tukaingia Msumbiji kwa Mandimba mpaka Cuamba, halafu treni hadi Nampula.

Hela: tulipeleka kadi za ahadi, watu 30 wakajaza kwa machozi, mwezi wa saba waliokuwa bado wanatuma walikuwa 11. Siwalaumu, maisha magumu. Ila nyie wekeni akiba ya miezi mitatu na nauli ya kurudi kwenye akaunti ambayo hamuigusi. Na msichangishe kwa picha ya mtoto aliyechanika nguo. Yule ana mama, na mama ana aibu kama wewe.

Ulinzi wa watoto uandikwe kabla ya siku ya kwanza na kila mwalimu asaini. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto peke yake chumbani, awe mchungaji awe nani. Hakuna mtoto kulala kwa mwalimu. Akisema kaguswa vibaya, mnasikiliza na mnapeleka kwenye vyombo vya sheria, hamuyamalizi kanisani.

Darasa lenyewe mtajifunzia palepale. Jumamosi ya kwanza alikuja binti wa kama miaka saba, kambeba mdogo wake mgongoni kwa kapulana, ndo kitenge chao. Kila akikaa mtoto analia, anasimama, anambembeleza, anakaa tena, mwisho akaondoka hata wimbo wa pili haujaisha. Nilimtazama mpaka akapotelea kwenye mikorosho. Wiki iliyofuata tulitandika mkeka nyuma kabisa, tukawaomba mama wawili wa kanisa wakae na wale wadogo, tukaweka na uji. Alirudi, safari hii akakaa mbele mikono mitupu, na wasichana wengine ambao hatukuwahi kuwaona wakaanza kuja na wadogo zao.

Na watoto wenu wenyewe, wao hawakuitwa, wamechukuliwa. Wa kwetu mkubwa alikaa darasani wiki nyingi haelewi neno. Tafuteni shule kabla ya nyumba, na jioni moja kwa wiki iwe yao, simu zimezimwa, mgeni akigonga mwambieni aje kesho.

Mwisho wa kazi upangwe mwanzoni. Kuanzia mwezi wa pili tafuteni wenyeji wawili wa kufundisha pamoja nanyi, kila somo, mpaka wao ndo wanafundisha na nyie mnakaa nyuma. Sisi wa kwetu mmoja alikuwa yule mama wa mkekani. Asubuhi tunaondoka nilimpa funguo ya sanduku la kalamu za rangi, akaniuliza Jumamosi ijayo tusome Samweli au Daudi, nikamwambia mama, sa hivi unaamua wewe, akasema basi Samweli, akaingia ndani kutandika mkeka.