SOMO: Kuandaa sponji ya kolajeni bila kuigeuza jelatini

Kwa kuwa swali la otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) haliishi, naweka hatua zote za kuandaa sponji ya kuwekwa mwilini mahali pamoja. Kolajeni ni protini ya kano na ngozi; msokoto wake ukifumuka, huwa jelatini.

1. Loweka kolajeni ya kano za ng'ombe katika asidi asetiki hafifu, uisage ingali baridi.

2. Igandishe kwenye trei. Ukigandisha polepole, fuwele za barafu hukua na kuacha vitundu vipana. Ukiharakisha, vitundu huwa vidogo.

3. Ikaushe kwa ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) ingali imeganda.

4. Iimarishe kwa joto kavu: nyuzi 105 za Selsiasi ndani ya ombwe kwa saa 24. Joto hili hufukuza maji ya mwisho na kufanya minyororo jirani ya protini ishikane yenyewe bila kemikali. Hatua hii ndiyo inayoharibu kazi za wengi, kwa sababu kolajeni iliyolowa husinyaa na kufumuka msokoto wake kwenye nyuzi sitini na kitu tu. Usiwashe joto kabla ombwe halijatulia, wala usiamini kwamba sponji imekauka kwa kuigusa kidole. Iliyoharibika utaitambua ukiitia kwenye maji ya vuguvugu: kingo huwa na ute, kisha huyeyuka.

5. Iue vijidudu kwa mionzi ya gama, kwa kawaida kilogrei 25 (kipimo cha kiasi cha mionzi), ukikumbuka kwamba mionzi nayo hukata minyororo, hivyo sponji itamong'onyoka mapema zaidi mwilini.

Swali: Otoklevu ya nyuzi 121, dakika chache tu, haifai?

Jibu: Haifai. Mvuke ni maji. Soma tena hatua ya 4: kolajeni iliyolowa hufumuka.

Swali: Mwalimu, mbona nyuzi 105 haziifumui ikiwa kavu?

Jibu: Umeuliza jambo la msingi. Maji hukaa kati ya minyororo na kuipa nafasi ya kucheza. Yakiondoka, minyororo husongamana, na joto la kuifumua hupanda kupita nyuzi 100 kwa mbali. Hata hivyo sehemu ndogo huweza kufumuka, kwa hiyo ijaribu kwa tripsini, kimeng'enya ambacho hula kolajeni iliyofumuka na kuiacha karibu yote iliyo nzima.

Swali: Kuiimarisha kwa kemikali, kama glutaraldehaidi, si rahisi zaidi?

Jibu: Ni rahisi na hushika imara, ila mabaki yake huua seli, na vali za moyo zilizotibiwa nayo hujulikana kwa kujenga chokaa. Anayetaka kemikali ya upole zaidi ajaribu jenipini, itokayo kwenye matunda ya gadenia. Sponji itageuka bluu, na hiyo si dalili ya kuharibika.