Nani Anasema Hapa? Namna ya Kusoma Hukumu ya Mahakama

Anayefungua hukumu ya Mahakama Kuu ya Tanzania kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kila sentensi iliyomo ni neno la jaji, kwa kuwa saini iliyo mwishoni ni moja. Kumbe sehemu kubwa ya kurasa hizo hubeba maneno ya wengine: mashahidi, mawakili, hakimu wa mahakama ya chini na majaji wa mashauri ya zamani. Asiyewatenganisha huweza kumnukuu jaji kwa hoja ambayo, kurasa mbili mbele, jaji huyo huyo ameitupilia mbali.

Anza kwa kusoma amri za mwisho. Ukishajua kwamba rufaa imekataliwa, utazisoma hoja za mrufani ukijua tangu mwanzo kwamba hazikutosha kuishawishi mahakama, angalau zile kuu.

Kisha rudi mwanzo ukiwa na penseli, na upigie mstari kila kitenzi kinachoripoti usemi. "Alidai", "aliwasilisha" na "alisisitiza" hutangulia sauti ya mtu mwingine, ilhali "nimejiridhisha", "kwa maoni yangu" na "mahakama hii inaona" ndizo sauti ya jaji. Mtaani tunalo neno "eti", ambalo kwa silabi mbili hutuonyesha kwamba msemaji hayaamini anayoyasimulia. Jaji hana ruhusa hiyo, na wasomaji wengi hulitwika neno "alidai" mzigo huo. Si haki, kwa maana mdai kazi yake ni kudai, hata pale anapoishia kushinda.

Ugumu halisi uko pale kitenzi hicho kinapotoweka. Chukua mfano huu wa kubuni: "Wakili wa mrufani alieleza kwamba utambuzi wa mshtakiwa ulikuwa dhaifu. Tukio lilitokea usiku. Hakuna shahidi aliyetaja aina ya taa iliyokuwapo." Sentensi mbili za mwisho zimesimama peke yake kana kwamba ni ukweli uliokwisha kuamuliwa, lakini bado ni wakili anayezungumza. Kila unapokutana na sentensi ya namna hiyo, rudi nyuma hadi kwenye kitenzi cha mwisho kilichotaja msemaji. Kama tangu hapo jaji hajasema kwa nafsi yake, maneno hayo usimhesabie.

Kauli ya kutendwa nayo huficha msemaji. "Ilielezwa kwamba" haisemi ni nani aliyeeleza, wala haisemi kama alisadikiwa. "Ilithibitika kwamba" ni uamuzi, ingawa unapaswa kuangalia kama ni uamuzi wa mahakama hii au wa mahakama ya chini unaosimuliwa tu.

Sauti ya shahidi inahitaji tahadhari zaidi. Katika mashauri ya jinai, kwa kawaida ushahidi haurekodiwi kwa maswali na majibu, bali kwa masimulizi, hivyo maswali ya wakili huyeyuka ndani ya majibu na yote huonekana kama hadithi aliyoitoa shahidi kwa hiari yake. Tena, kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ilikuwa kawaida shahidi kusema Kiswahili na hakimu kuandika Kiingereza. Kwa hiyo "mimi" iliyo ndani ya dondoo la mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ni ya shahidi, lakini huenda uteuzi wa maneno ni wa hakimu.

Mwisho, hesabu majaji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa kawaida huketi na majaji 3, na "sisi" ya hukumu yao ni ya jopo, hata kama mwandishi ni mmoja. Mahali pengine sauti hizo hugawanyika waziwazi: Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 walikubaliana na 2 wakapinga. Ukinukuu shauri la aina hiyo, taja kama maneno yanatoka kwa walio wengi au kwa aliyepinga, na utaje jina la jaji aliyeyaandika.