Mdomo wa ekzosi wa kromu na chumvi ya kusi: utunzaji kwa magari ya Malindi

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, gari linalolala mitaa ya ufuoni kama Silversand au Casuarina huamka na utando. Pitisha kidole kwenye kioo cha nyuma kisha ukiguse na ulimi: ni chumvi. Utando huohuo umekaa kwenye mdomo wa ekzosi, yaani ncha ya bomba la moshi, na huko umechanganyika na masizi pamoja na maji ya uchachu yanayotoka kwenye injini. Kromu ikiachwa hivyo mpaka kusi ikatike, huota vidoa vya rangi ya kahawia ambavyo polishi haivimalizi.

Maelezo mengi ya kutunza kromu yameandikwa kwa ajili ya nchi za theluji. Huko chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na magurudumu huirusha chini ya gari. Hata baadhi ya magari ya mitumba kutoka Japani, hasa yaliyotumika upande wa Hokkaido, hufika bandarini Mombasa yakiwa tayari na kutu ya namna hiyo chini, kwa hiyo chungulia ekzosi kabla ya kulipa. Kwetu chumvi inaletwa na upepo. Hutua popote, hata kwenye gari ambalo halijatoka uani wiki nzima, na ndiyo maana desturi ya kuosha gari likirudi safari tu haitoshi pwani.

Kromu yenyewe haishiki kutu. Shida ni wembamba wake: ile ya urembo wa magari kwa kawaida haifiki hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), imepakwa juu ya nikeli, na nikeli imepakwa juu ya chuma. Ina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Chumvi nayo hunyonya maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chembe ya chumvi huyeyuka yenyewe pale ilipo, na asubuhi za pwani wakati wa kusi hewa hupita kiwango hicho mara nyingi. Maji hayo hupenya kwenye nyufa, hufika kwenye chuma, na kutu inayozaliwa huko huvimba na kuiinua kromu kutoka chini. Doa la kahawia unaloliona juu lina mzizi usiouona.

Injini nayo inaongeza yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, katika hali ya mvuke. Ekzosi ikiwa moto mvuke huo hutoka wote. Ikiwa baridi, kama kwenye safari ya dakika tano kwenda sokoni na kurudi, hugeuka maji ndani ya bomba na silensa, huchanganyika na gesi za uchachu, kisha hudondoka mdomoni yakiwa meusi. Gari la safari fupifupi huharibika mdomo wa ekzosi kuliko la safari za Mombasa kila siku, hata kama hilo la Mombasa linaonekana chafu zaidi.

Kabla ya kununua polishi yoyote, jua mdomo wako ni wa nini. Chukua sumaku ndogo. Isiponasa kabisa na ukigonga kuna mlio wa chuma, huenda ni stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) iliyong'arishwa, wala si kromu. Ikinasa, yaweza kuwa chuma kilichopakwa kromu, au zile aina za stenlesi zinazonasa sumaku. Hapo angalia ukingo wa ndani: palipochubuka na kutokeza kutu nyekundu au maganda, ni kromu juu ya chuma. Siku hizi kuna magari ambayo hicho king'aacho kwenye bampa ni plastiki tu, na bomba lenyewe limejificha nyuma yake. Plastiki hiyo iosheni kwa sabuni na maji, mkomee hapo. Yote yanayofuata kuhusu kusugua hayaihusu.

Kuosha, na maji ya kuoshea

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na mwamba wetu wa matumbawe huyatia chokaa. Kuosha kromu kwa maji ya namna hiyo halafu kuiacha ijikaushe ni kuipaka chumvi upya. Jaribu maji yako: dondosha tone juu ya kioo, liache likauke juani. Likiacha duara jeupe, yatumie kwa magurudumu kama huna budi, lakini suuza ya mwisho ya ekzosi ifanye kwa maji ya mfereji yanayotoka kwenye chanzo cha Baricho au maji ya mvua uliyokinga kwenye ndoo. Lita 3 zinatosha.

Subiri ekzosi ipoe. Nusu saa baada ya safari fupi, saa nzima ukitoka mbali. Weka kiganja karibu bila kugusa, kama huhisi joto, anza. Maji baridi juu ya chuma cha moto huacha alama za chokaa papo hapo, na sabuni hukaukia juu yake.

Kwanza mwagia maji tu, nje na ndani ya ukingo, bila kusugua. Vumbi la barabara zetu lina mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Kisha changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya vyombo, au kipimo cha shampuu ya gari kilichoandikwa kwenye chupa, katika lita 5 za maji. Osha nje kwa kitambaa laini, na ndani kwa mswaki wa zamani, ukiingia sentimita 5 hadi 8. Usiuruke ukingo wa ndani. Masizi hushika unyevu na chumvi, na kutu nyingi huanzia hapo kabla haijatokeza nje. Suuza, halafu kausha kwa kitambaa, pamoja na upande wa chini ambako tone la mwisho huning'inia.

Gari lililo karibu na bahari, kutoka mjini mpaka upande wa Mayungu, lisuuzwe mdomo wa ekzosi kila baada ya siku mbili tatu wakati wa kusi, na lioshwe kwa sabuni mara moja kwa wiki. Lililo Ganda au ndani zaidi, mara moja kwa wiki inatosha. Ukiosha kwa mashine ya presha, simama kando na upige kwa pembeni. Ukielekeza maji ndani ya bomba yanafika kwenye silensa na kubaki humo, na silensa itaoza kutoka ndani.

Gari likiwa limelala chini ya banda la makuti au mabati, usidhani limepona. Chumvi inaingia na upepo, lakini mvua ya kuisuuza haiingii. Gari la nje husuuzwa bure mvua za masika zinapopiga. La bandani linakutegemea wewe. Ukiweza, liegeshe pua ikiukabili upepo, yaani nyuma ya gari ielekee kaskazini.

Madoa yanayokataa sabuni

Masizi magumu ya kawaida hulainika kwa magadi ya kupikia: vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji, pakaa, subiri dakika 10, sugua kwa kitambaa, suuza. Masizi yenye mafuta yafute kwa tambara lililoloweshwa kidogo mafuta ya taa, ekzosi ikiwa baridi kabisa na sigara iwe mbali, kisha osha kwa sabuni mpaka harufu iishe. Mafuta yakibaki yatafuka moshi ukiwasha gari. Alama nyeupe za chokaa huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika moja tu, kisha maji mengi.

Kwa kutu changa, ile inayoonekana kama vumbi la kahawia, foili ya jikoni ndiyo dawa bora na rahisi. Kunja kipande cha ukubwa wa kiganja, kiloweshe maji, sugua polepole kwa duara ndogo. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi, na uji wa kijivu unaotoka husaidia kung'arisha. Futa, tazama, rudia. Kwa stenlesi iliyong'arishwa usitumie foili. Tumia polishi na kitambaa, ukifuata mwelekeo wa mng'aro wake.

Stilwulu ya jikoni, yaani nyuzi za chuma za kusugulia, usiiguse. Iko ya daraja la 0000, laini mno, inayouzwa kwenye baadhi ya maduka ya rangi, na hiyo kromu halisi inaivumilia ikiwa imelowa sabuni. Ya kusugulia sufuria huacha mikwaruzo na chembe za chuma zinazoshika kutu kesho yake. Jik, dawa ya kung'arisha nguo, nayo iache chooni: klorini yake hushambulia stenlesi na hupenya nyufa za kromu vilevile chumvi inavyofanya. Usiichanganye kamwe na siki, kwani hutoa gesi yenye sumu. Asidi ya betri na dawa za choo, ambazo baadhi ya waosha magari huzisifu kwa sababu zinang'arisha kwa dakika moja, hung'arisha kwa kula. Gari likirudi baada ya wiki mbili lina madoa kuliko mwanzo.

Polishi ya chuma kama Autosol ni ya kutumia mara mbili tatu kwa msimu, si kila wiki, kwa kuwa kila mpako unapunguza ngozi ambayo ni nyembamba tayari. Kiasi cha punje ya maharagwe kinatosha mdomo mmoja. Sugua mpaka iwe nyeusi, futa, ng'arisha kwa kitambaa kingine kikavu.

Baada ya hapo weka kinga. Nta ya kawaida ya karnauba huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 hivi, na ekzosi hupita hapo kwa urahisi, hasa mlimani au ukivuta mzigo, kwa hiyo usishangae ikiisha kwa wiki moja. Bora kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya rimu za magurudumu, ambazo nazo hupata joto la breki. Pakaa juu ya chuma kikavu na baridi, tabaka mbili nyembamba, ukiiacha ikauke kati yake kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Pakaa mwishoni mwa Machi kabla kusi haijaingia, rudia Juni na Agosti. Mafuta ya kunyunyiza ya WD-40 yanafukuza maji kwa muda, lakini kwa gari linalotembea hunasa vumbi na kuungua, yakaacha uchafu wa kunata.

Gari linalowekwa

Msimu wa wageni ukiisha, magari mengi ya nyumba za likizo hufungiwa kuanzia Aprili hadi Juni, yaani wakati mbaya kuliko wote. Kabla ya kulifunga, liendeshe mpaka Gede na kurudi ili silensa ikauke, osha mdomo, kausha, pakaa utando mwembamba wa mafuta safi ndani na nje. Hapa mafuta yanafaa kwa sababu hayataungua. Ziba kwa kipande cha wavu ili nyigu wasijenge, na funga utepe mwekundu kwenye usukani kumkumbusha atakayewasha autoe wavu kwanza. Turubai la plastiki linalobana ni adui, kwani unyevu hubaki chini yake. Na huyo mlinzi anayewasha injini dakika tano kila Jumamosi "ili betri isife", mwambie aache: anajaza silensa maji. Atoe waya wa betri, au aliendeshe nusu saa.

Wanaokwenda Lamu huacha gari Mokowe na kuvuka kwa mashua. Beba chupa ya lita moja na nusu ya maji matamu na kitambaa. Ukirudi kutoka kisiwani, suuza mdomo kabla ya kuwasha, chumvi isije ikakaangwa juu ya kromu.

Weusi unaorudi upesi

Masizi makavu kidogo ni ya kawaida, na dizeli hutoa zaidi. Lakini mdomo ukiwa mweusi tena siku mbili baada ya kuusafisha, tatizo liko kwenye injini. Weusi mkavu mwingi: anza na kichujio cha hewa, ambacho vumbi letu hukiziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, kisha plagi na sensa ya oksijeni. Weusi wa kunata wenye harufu ya oili: pete za pistoni au sili za valvu, na hapo polishi haina kazi. Rangi ya samawati au manjano kwenye chuma ni ya joto, wala si uchafu. Polishi hupunguza, lakini ikitokea ghafla kwenye gari ambalo halikuwa nayo, fundi apime mchanganyiko wa mafuta na hewa, pia wakati plagi inapopiga cheche.

Mdomo wa kuvishwa

Ule unaovishwa juu ya bomba na kufungwa kwa bolti hukusanya maji ya chumvi pale unapoingiliana na bomba, na kutu ya hapo hutaiona mpaka siku mdomo utakapong'oka njiani. Uvue mara moja kabla ya kusi. Bolti mara nyingi ni ya spana 10. Ikigoma, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ilaze usiku kucha, usiilazimishe. Safisha pande zote mbili, brashi ya waya ukiitumia kwa bomba tu na si kwa kromu, pakaa grisi ya joto kali kwenye nyuzi za bolti, rudisha.

Kromu ikishaanza kuchanika maganda, acha kusugua. Maganda hukata vidole, na kila unachong'oa kinafungua chuma kipya. Chaguo ni mbili. Ya kwanza ni kukwangua maganda yote, kupiga msasa namba 400, kufuta kwa thina, na kupuliza rangi ya ekzosi ya kuvumilia nyuzi 600, tabaka tatu nyembamba kwa kuachana dakika 15, kisha kuikausha kwa joto la injini kama kopo linavyoelekeza. Ya pili ni kununua mdomo wa stenlesi. Pima kipenyo cha nje cha bomba lako kwa milimita kabla ya kwenda dukani, na uchague wa kipenyo cha ndani kilichozidi hapo kwa milimita 2 au 3, kwa sababu ukilegea zaidi ya hapo bolti haitaushika na utatetemeka mpaka utoboe bampa.