SOMO: Kuhamisha seva za ofisi kutoka VMware kwenda Proxmox, hatua kwa hatua, nilivofanya hapa Mwanza

Wakuu habari za jioni. Nimeulizwa sana hili jambo na vijana wa IT wa hapa mjini na wa Geita, nimeona niandike mara moja tuwe tunarejea hapa. Mimi nahudumia seva za kampuni moja inayochakata sangara, kila kitu chao kipo humo, uhasibu, mizani ya kupokelea samaki, rekodi za joto la vyumba baridi, mafaili ya ofisi. Mashine ni mbili tu, Dell R730 zilizotumika, kila moja ina prosesa mbili za viini 14 na ramu GB 128, na juu yake kulikuwa na VM tisa, yaani kompyuta tisa zinazoishi ndani ya chuma mbili, zikibebwa na VMware, haipavaiza, yaani programu ya kugawa chuma moja iwe kompyuta nyingi.

Kwanini tulihama. Broadcom walitangaza kuinunua VMware Mei 2022, dili likafungwa Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo wakaacha kuuza leseni za kudumu, ikawa ni kulipia kwa muda tu. Halafu hesabu yao inaanzia viini 16 kwa kila prosesa, hata kama yako ina pungufu. Sasa piga hesabu na mimi, prosesa zetu nne zina viini 56 lakini tulitakiwa kulipia 64, viini nane havipo duniani ila vinalipiwa. ESXi 7 (haipavaiza yenyewe ya VMware) tuliyokuwa nayo msaada wake umeisha tarehe 2 Oktoba 2025. Bosi akauliza mbadala ni nini, nikamwambia Proxmox, haipavaiza nyingine, inatengenezwa Vienna kule Austria tangu 2008, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux) na inatumia KVM (sehemu inayobeba VM) ambayo imo ndani ya Linux tangu 2007, sio kitu cha majaribio.

Ila kabla hujashika fleshi, nisikilize kwenye hili moja. Ukishaweka ofisi nzima ndani ya chuma mbili, chuma moja ikilala ni nusu ya ofisi imelala. Kinachokuokoa ni bakapu uliyowahi kuirejesha ukaiona inawaka. Haipavaiza iwe ya nani hilo halibadiliki, na nitawaeleza nilivojifunza.

HATUA YA 1: Daftari

Daftari kabisa la karatasi. Andika kila VM, inafanya kazi gani, IP yake, ukubwa wa diski, inawaka kwa UEFI au kwa bayosi ya zamani (ni njia mbili za kompyuta kuanza kuwaka), na muhimu zaidi nani atakupigia simu ikizima. Hiyo ya mwisho ndo inakupa mpangilio wa kuhama, unaanza na ile ambayo hakuna atakayepiga, unamaliza na ya uhasibu. Kwenye zoezi hili tulikuta VM moja hakuna anayeijua, tukaizima wiki mbili tukisubiri, siku ya kumi na moja mzee wa mizani akaja anasema risiti hazitoki. Bila daftari ningekuwa nimeshaifuta.

HATUA YA 2: Chumba chenyewe

Watu wengi wanaruka hapa na ndo panapoua seva kanda hii. Nyie mnaokaa kando ya ziwa mnawajua wale wadudu, asubuhi unaona nguzo ya moshi juu ya maji, jioni wamejaa kwenye taa. Nilipofungua kava ya mbele ya seva ya kwanza, ule wavu wake ulikuwa umefunikwa na kitu kama majivu yaliyoloana, kijivu, ukikigusa kinabonyea na kinanuka shombo. Ni mbawa na miili ya wadudu imeshikana na vumbi. Feni zilikuwa zinalia kama ndege inataka kuruka na bado prosesa inachemka. Nilizima, nikapuliza kwa blowa nje ya chumba, nikapiga brashi, feni zikatulia kabisa. Tukaziba upenyo wa dirisha, taa ya nje iliyokuwa karibu na dirisha tukaihamisha, na kila mwisho wa mwezi nafungua kava. Kama chumba chako kipo upande wa ziwa, Kirumba, Capri Point, Igombe huko, fanya hivo.

Umeme sasa. UPS isiwe ya kutazama tu, iunganishe na seva kwa kebo ya USB au mtandao, weka programu inaitwa NUT, ili betri ikibaki kidogo seva ijizime yenyewe kwa utaratibu, VM kwanza halafu chuma. Umeme ukirudi, Proxmox ina sehemu ya kupanga nani anawaka wa kwanza na asubiriwe sekunde ngapi. Domeini kontrola (seva inayoruhusu watu kuingia) kwanza, hifadhidata ifuate, programu mwisho. Ukiacha ziwake kwa fujo utapigiwa simu watu hawawezi kuingia, na wewe utaona kila kitu kipo kijani.

HATUA YA 3: Kuinstoli

Hii ni fupi kuliko watu wanavodhani. Hakikisha VT-x (uwezo wa prosesa kubeba VM) imewashwa kwenye bayosi, kwa AMD ni AMD-V. Kama utatumia ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski), kadi ya RAID (inayounganisha diski nyingi zionekane moja) iweke kwenye hali ya HBA ili ZFS izione diski moja moja, usiweke ZFS juu ya RAID ya kadi. ZFS inapenda ramu, zamani ilikuwa inaweza kuchukua mpaka nusu ya ramu ya mashine, kuanzia toleo 8.1 instola yenyewe inaweka kikomo cha asilimia 10 na isizidi GB 16. Ukimaliza unaingia kwa brauza, IP ya mashine kwenye porti 8006. Kama hamjalipia msaada, badili chanzo cha apdeti kiwe kile cha wasio na leseni, vinginevyo apdeti zitakugomea. Ila mkiweza lipieni, wale watu wanastahili na siku ya shida unaye wa kumuuliza.

HATUA YA 4: Mtandao

Briji ya vmbr0 (swichi ya ndani inayounganisha VM na mtandao) inatengenezwa yenyewe. Kama una VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya mmoja) weka tiki ya kuzitambua na uandike namba kwenye kila VM. Basi.

HATUA YA 5: Kuhama kwenyewe

Kuanzia toleo 8.2 la Aprili 2024 Proxmox ina kifaa cha kuimpoti moja kwa moja kutoka ESXi. Unaongeza ESXi kama stoo, unaona VM zako, unachagua, inavuta. Ila ukiwa bado kwenye VMware fanya haya: futa snapshoti (picha za VM za wakati fulani) zote, toa VMware Tools (ukishahama inagoma kutoka, nimehangaika nayo), andika mipangilio ya IP, halafu zima VM vizuri kutoka ndani.

Kwa Windows, diski ianze ikiwa SATA. Ukiiweka kwenye VirtIO (aina ya diski ya VM yenye kasi) moja kwa moja itakupa skrini ya bluu kwasababu haina draiva. Iwashe kwa SATA, instoli draiva za VirtIO kutoka kwenye ISO yake, ongeza kidiski kidogo cha GB 1 cha VirtIO ili Windows iipakie ile draiva, zima, ndo uhamishe diski kubwa. Kadi ya mtandao itakuwa mpya kwahiyo IP uliyoipanga kwa mkono haitakuwepo, iweke upya, Windows ikikwambia IP hiyo ina mwenyewe ni ile kadi ya zamani iliyofichika, ifute kwenye orodha ya vifaa. Na ile ya UEFI usiiwashe kwa SeaBIOS (bayosi ya zamani ndani ya Proxmox), haitawaka, rudi kwenye daftari lako.

Sisi tulihamisha VM mbili kila Jumamosi usiku, wiki tano tukawa tumemaliza. Usikubali kusukumwa ufanye zote usiku mmoja.

HATUA YA 6: Bakapu, na hapa nitakaa

Miaka ya nyuma tukiwa bado VMware nilipiga snapshoti ya VM ya uhasibu kabla ya apdeti. Apdeti ikaenda salama, snapshoti ikabaki. Miezi minne. Snapshoti maana yake diski ya zamani inagandishwa na kila kinachoandikwa kinaenda kwenye faili la pembeni, na lile faili linakua kila siku. Saa kumi alfajiri stoo ya data ikajaa, VM ikasimama, na nje kuna gari lenye fileti linasubiri makaratasi ya kwenda uwanja wa ndege. Nilifika na pikipiki, barafu inayeyuka wapakiaji wananiangalia. Nikakimbilia bakapu, nakuta bakapu zilikuwa zinaandikwa kwenye stoo ileile iliyojaa, na ya mwisho iliyokamilika ni ya wiki tatu nyuma. Ilibidi nihamishe VM nyingine kwenye diski ya nje kupata nafasi, halafu kuunganisha ile snapshoti kulichukua masaa sita. Data haikupotea. Gari liliondoka saa sita mchana. Tangu siku ile snapshoti kwangu mwisho wake siku mbili.

Sasa hivi tunatumia Proxmox Backup Server kwenye mashine ya zamani iliyo jengo jingine, upande wa stoo ya maboksi. Inachukua mabadiliko tu kila usiku, hairudii data iliyokwishaandikwa, kwahiyo diski haijai haraka. Nakala tatu, vifaa aina mbili tofauti, moja iwe nje ya kiwanja kabisa.

Halafu jaribio. Kila mwezi narejesha VM moja kwa namba mpya, kebo ya mtandao nimeichomoa kwenye mipangilio yake ili isigongane na iliyo hai, nawasha. Mara ya kwanza nilimwita mama wa uhasibu akae mbele ya konsoli, nikamwambia mama tafuta ankara ya mwisho ya jana. Akafungua daftari lake la mkono, akaweka kidole kwenye namba, akatazama skrini, akarudia kwa sauti tarakimu moja moja. Zikalingana. Akasema sawa. Hiyo sawa yake ndo naihesabu kuwa bakapu, rangi ya kijani kwenye ripoti naitazama ila hainitoshi.

MASWALI YA WADAU

Mdau (Bukoba): Mkuu shukrani. Mi nina mashine mbili kama wewe, naweza kuunda klasta (mashine zinazofanya kazi kama kundi), moja ikifa nyingine ibebe?

Jibu: Unaweza ila mbili peke yake ni mtego. Klasta inaenda kwa kura na inahitaji zaidi ya nusu, moja ikifa iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, inakataa kuwasha VM. Ongeza kura ya tatu, inaitwa QDevice, hata Raspberry Pi inatosha. Na kumbuka ili nyingine ibebe, lazima diski za VM ziwe zinaonekana huko pia, ama stoo ya pamoja au ZFS inayonakili kila baada ya dakika kadhaa. Ya kunakili utapoteza zile dakika za mwisho, mweleze bosi mapema.

Mdau (Musoma): Kaka sisi ni duka la dawa za jumla, tuna kompyuta ya kawaida ramu GB 16, VM mbili tu. Inafaa?

Jibu: Inafaa kaka. Weka ext4 na LVM (mpangilio wa kawaida wa diski kwenye Linux) badala ya ZFS upumue kwenye ramu, UPS, na diski ya nje ya bakapu. Hela ya klasta nunua diski ya pili.

Mdau (Igoma): Sisi zote ni Windows na tuna leseni ya Windows Server Standard, kuna haja ya kuhama kutoka Hyper-V (haipavaiza ya Microsoft)?

Jibu: Kwa maoni yangu bakini. Leseni ya Standard ikiwa imefunika viini vyote inawaruhusu VM mbili za Windows Server, na Hyper-V imo ndani tangu 2008. Kama inawatosha na mnaijua, kuhama ni kujitafutia kazi. Na msisahau kuwa mkihamia Proxmox leseni za Windows bado mnazihitaji vilevile.

Mdau (Nyegezi): Dada hapa, naomba kuuliza, nikichukua bakapu hifadhidata ikiwa inaandika si itakuwa imekatika katikati?

Jibu: Swali zuri sana dada. Ndani ya VM instoli QEMU gesti ajenti (programu ndogo ya kuwasiliana na Proxmox) na uiwashe kwenye mipangilio. Bakapu ikianza ajenti inaiambia Windows igandishe uandishi sekunde chache, hifadhidata inakaa sawa, ndo picha inachukuliwa. Pamoja na hiyo sisi bado tunatoa nakala ya hifadhidata yenyewe kila saa sita usiku, faili lake peke yake. Ukitaka kurudisha jedwali moja hutahitaji kurejesha VM nzima.

Mdau (Sengerema): Mkuu nakala ya nje ya kiwanja mimi ndo inanishinda. Ofisi kuu ipo mjini Mwanza, tawi huku, data kama GB 600, intaneti yetu itamaliza mwezi.

Jibu: Ya kwanza usiitume kwa intaneti, ibebe. Kuanzia Proxmox Backup Server 3.3 diski ya nje inakubalika kama stoo ya kuchomeka na kuchomoa. Jaza mjini, vuka nayo darajani Kigongo, tangu Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko, ichomeke huko Sengerema uimwage kwenye seva ya tawi. Baada ya hapo kwa intaneti yanapita mabadiliko ya siku tu, yatatosha usiku. Ila washa usimbaji wa bakapu kabla ya nakala ya kwanza kabisa, maana diski inasafiri na ina mishahara ya watu. Ufunguo wake uchapishe kwenye karatasi ufungie kabatini, usiubebe kwenye begi moja na diski.

Mdau (Sengerema): Nimekuelewa. Basi Jumamosi navuka nije kuanza, sema diski niliyonayo ni ya GB 500.

Jibu: Haitatosha hiyo. Ninayo ya TB 2 imekaa, pitia kwangu uichukue, nirudishie ukimaliza.